Siku Bibi Alipopandishwa Kwenye Mzani

Mama mdogo Skolastika alinituma chumbani kwa Bibi nikatafute kitenge cha kumvalisha jenezani, kile cha njano alichokuwa anavaa kwenye misa za sikukuu. Sanduku lake la bati lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote, chini ya kitanda, rangi yake ya kijani imebabuka kwenye pembe. Nilipofungua tu kifuniko, ikanipiga harufu ya karanga na sabuni ya mche, nikakaa sakafuni. Uani watu walikuwa wanasali rozari. Mimi ni mtu mzima jamani, nina watoto, ofisini kwangu wananiogopa kwa ukali, lakini harufu ile ilinifanya tena kale katoto ka darasa la pili, kenye kamasi na kiburi.

Kitenge kilikuwa juu kabisa. Chini yake kulikuwa na kitambaa cheupe, kimekunjwa kikawa kama bahasha nene. Nilikitambua hapohapo. Nina ugomvi na kitambaa hicho tangu utotoni. Niliwahi kukiomba nikanyimwa, na kofi juu.

Mtaani kwetu hakuna asiyeijua hadithi ya Bibi na mzani. Husimuliwa kwenye harusi, husimuliwa kwenye pombe, hata mtu aliyehamia Songea juzi ataisikia kabla hajamaliza kufungua mizigo yake. Wanaisimulia kwa kicheko, na Bibi mwenyewe alikuwa anacheka nao mpaka machozi. Mimi huwa nanyanyuka kwenda jikoni kuangalia chungu. Nilikuwepo siku ile, na sikucheka.

Mama alikuwa amejifungua kwa upasuaji hospitalini mjini. Niliambiwa nimepata mdogo wa kiume, nikaahidiwa kupelekwa kumwona. Nilibeba chupa ya uji mwenyewe, nikajikaza njia nzima isiyumbe. Nilipofika wodini, Mama alikuwa amegeukia ukutani na hakugeuka hata nilipomwita. Mtoto hakuwepo pembeni yake. Baba akanitoa nje, akanieleza kwa maneno ambayo nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe: mtoto hawezi kumeza. Koo lake halikuungana na tumbo, limeishia njiani. Tone lolote analopewa linarudi kupitia puani, anabadilika rangi, anakuwa kama majivu. Upasuaji wa namna hiyo hufanywa Dar es Salaam, na kwa barabara hatafika hai. Daktari ameshapiga simu iletwe ndege ya wagonjwa. Muuguzi alishambatiza hapohapo wodini kwa maji ya kikombe, akapewa jina Anselmi, isije ikatokea akaondoka bila jina.

Katika maneno yote hayo, mimi niliondoka na neno ndege. Kwa akili yangu ndege ilikuwa inafuata wakubwa tu, mawaziri na maaskofu. Sikuwahi kusikia imemfuata mtu wa mtaani kwetu. Nikajua basi mdogo wangu ana cheo. Bombani nikawatangazia wenzangu, mkono kiunoni, kwamba ndege inakuja kumchukua mdogo wangu. Wakaniuliza anaumwa nini. Nikawaambia haumwi, anaitwa Dar.

Jioni hiyo nyumbani kulikuwa na mabishano. Baba alikuja na habari kwamba nafasi ya kumsindikiza mtoto ni ya mtu mmoja, na wamesisitiza mtu huyo asibebe mizigo.

"Asibebe mizigo?" Bibi akauliza. "Anakwenda kuuguza au anakwenda kutembea?"

"Ndivyo walivyosema, Mama. Ndege ni ndogo."

"Na huko atapika nini? Atamwambia nani amkopeshe sufuria?"

Wenzangu wa umri wangu wanaelewa. Kwetu mtu haendi kuuguza mikono mitupu. Unabeba unga wako, chumvi yako, sufuria yako, ukifika unatafuta mafiga nyuma ya hospitali pamoja na wauguzaji wengine. Mwenye kwenda bila chakula ni mtu asiye na kwao. Baba alilijua hilo vizuri, ndiyo maana akasema tu kwamba basi ataenda yeye.

"We Kosmas," Bibi akamwambia, "hata kuku ukimshika anakuponyoka. Utamshika kichanga? Kaa na mkeo. Mimi ndiye ninayekwenda."

Mjadala ukaishia hapo. Bibi akaingia chumbani kwake na Mama mdogo, ambaye wakati huo alikuwa msichana tu, mwembamba kama ufagio, wakafunga mlango. Nikasikia wanafunua na kukunja, na Bibi anasema, "Kaza. Kaza hapo."

Asubuhi Bibi alitoka amenenepa. Nasema kweli, alikuwa mwanamke mnene tangu zamani, lakini asubuhi ile alijaza mlango. Kitenge kilikuwa kimevimba kiunoni, kimevimba mgongoni, na alikuwa anatembea kwa kujinyoosha kama mtu aliyebeba maji kichwani. Nikamuuliza, "Bibi, umekula nini?" Akaniambia nyamaza, mtoto haulizi wakubwa hivyo. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la kanisani na viatu, maana nilijua uwanjani tutaangaliwa. Na kweli tuliangaliwa.

Huko Ruhuwiko, kwenye uwanja wa ndege, tulimkuta Anselmi ameshaletwa na gari la hospitali. Walikuwa wamemhamishia kwenye sanduku la kioo lenye joto ndani, lenye mipira na vitaa. Kwa macho yangu lilikuwa lilelile kabati la kioo la kuwekea maandazi pale stendi, isipokuwa ndani kulikuwa na mdogo wangu, mdogo sana, mrija puani, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka. Ndipo kwa mara ya kwanza niliogopa. Sikumwambia mtu. Nikaangalia ndege, nikaona nayo ni ndogo, nikachukia. Nilikuwa nimewaahidi watu ndege kubwa.

Muuguzi aliyekuja na ndege alikuwa dada mmoja wa ovaroli ya buluu, mwepesi wa kuongea, Kiswahili cha Dar. Akauliza nani anasindikiza. Bibi akajitokeza.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Una kilo ngapi?"

Bibi akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine anayeulizwa. "Kilo za nini?"

"Za kwako, Bibi. Uzito wako."

"Mwanangu," Bibi akasema, na akacheka kidogo kwa adabu, "mimi si mahindi."

Sasa nanyi nisaidieni. Nyumbani kwetu kilichopanda kwenye mzani kilikuwa ni kitu kinachouzwa. Mahindi yalipimwa yakaenda. Nguruwe alipimwa akaenda. Watoto wachanga huning'inizwa kliniki, sawa, lakini mama mtu mzima, mwenye wajukuu, kiongozi wa jumuiya, apandishwe kwenye mzani mbele za watu? Nilimtazama Baba nikitegemea atakataa. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Tena kuna jambo nililokuwa nimelisikia kwa Baba miaka yote: mtu anayeficha mawe kwenye gunia ili lizidi uzito ni mwizi, na mwizi wa mzani hana tofauti na mwizi mwingine.

Walimpeleka kwenye mzani wa mizigo ya abiria. Bibi akavua ndala kwanza, kama anayeingia nyumbani kwa mtu, akapanda. Muuguzi akasoma, akamwita rubani naye akasoma. Rubani akatikisa kichwa. Akaeleza polepole, bila dharau, kwamba wamebeba mitungi ya hewa ya mtoto na mafuta ya kuwafikisha, na kila kilo ina hesabu yake. Hawawezi kupunguza hewa ya mtoto. Kwa uzito huu, ama aende mtu mwingine mwepesi, ama mtoto aende bila ndugu.

"Niende mimi?" Mama mdogo akasema.

"Wewe hujazaa," Bibi akamjibu, bado yuko juu ya mzani. "Utajua nini wakikuuliza?"

Yule dada wa buluu akamshika Bibi kiunoni ili amsaidie kushuka. Mkono ukasimama hapohapo. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Bibi, hiki nini?"

"Ni mimi."

"Bibi, mtoto hana muda."

Basi Bibi akaanza kujifungua mizigo, pale pale, mbele ya wafanyakazi wa uwanja, mbele ya madereva, mbele ya mzungu mmoja na mkoba wake. Mama mdogo akafungua kitenge chake cha juu kumkinga, lakini kitenge kimoja kitakinga nini? Kwanza ulitoka unga, umekunjwa ndani ya foronya na kufungwa kiunoni mara mbili. Zikafuata soksi za Baba, za kuchezea mpira, zimejazwa karanga. Maharage. Dagaa wa Nyasa kwenye mfuko wa nailoni, nao wakatangaza harufu yao kila kona. Chumvi. Sabuni. Mwisho, kutoka mgongoni, sufuria. Ikamponyoka, ikagonga sakafu ya saruji ikaviringika mpaka miguuni pa rubani, na mfuniko wake nyuma.

Watu walicheka. Sio kwa ubaya, leo najua, mtu ataachaje kucheka? Lakini mimi niliungua. Uso, masikio, mpaka shingo. Niliona kila mtu anajua sasa kwamba sisi ni watu wa mawe kwenye gunia. Nikatamani Bibi afe. Eeh, niliwaza hivyo, kwa neno hilohilo, na kwenye sanduku la kioo kulikuwa na mtu anayekufa kweli.

Akapandishwa tena. Rubani akasema bado kidogo. Bibi akatoa kitenge cha pili, akabaki na kimoja. Akapanda. Rubani akatikisa kichwa kukubali, twende. Muuguzi akaona mkono wa Bibi uko kifuani, umebana kitu ndani ya blauzi.

"Na hapo, Bibi?"

"Hiki hakina uzito."

"Nionyeshe tu."

"Mwanangu, nimekupa vyote. Hiki hakina uzito."

Bibi akakivuta pembe kidogo. Kilikuwa cheupe, kipya, hakijapindwa. Nguo! Nikaona ndiyo basi. Mtoto hapumui, watu wanatucheka, na Bibi anang'ang'ania kitambaa cha kwenda kupendezea Dar es Salaam. Sauti ikanitoka, kubwa, ya kanisani: "Bibi, kiache hicho! Unatuaibisha!"

Kicheko kikakatika. Baba akanyanyua mkono kunipiga, akaushusha. Yule dada wa buluu alikuwa anakitazama kile kitambaa, kisha akamtazama Bibi. Akakichukua, akakikunja vizuri mwenyewe, akamrudishia Bibi kifuani kwa mikono miwili.

"Nenda nacho, mama," akasema.

Bibi akaja kwangu, peku, ametepweta, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Nikajua nitafinywa. Akaniinamia tu. "Nikirudi nacho, mjukuu wangu," akaniambia, "utafurahi."

Nikaelewa kwamba atanipa.

Ndege ilipoondoka Baba aliokota vitu sakafuni, kimoja kimoja, hakumruhusu mtu amsaidie. Usiku ule tulikula ugali wa unga wa kwenye foronya. Ulikuwa unanukia Bibi, jasho lake na mafuta yake ya mgando. Baba hakula. Mimi nilikula nikashiba.

Walirudi mvua zilipokuwa zimeanza, kwa basi. Bibi alishuka amekonda, ndala si zake, amevaa kitenge nisichokijua, na mgongoni Anselmi analia kwa sauti mpaka stendi nzima ikageuka. Alikuwa na kovu mbavuni. Mama alimpokea akakaa naye chini kwenye matope, na hakuna aliyemwambia asichafuke. Bibi alinitafuta kwa macho. Akaingiza mkono kifuani, akanionyesha ile pembe nyeupe, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Umeona? Nimerudi nacho."

"Nishonee gauni la komunio," nikasema.

Kofi lake lilitua kabla sijafunga mdomo. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo, wala hakunipiga tena maisha yake yote. Nikalia, yeye akalia zaidi, nikamwona wa ajabu. Komunio nilipokea na gauni la kuazima. Nikamwandika Bibi moyoni kuwa ni mchoyo, na niliendelea kumjua hivyo hata nilipokuwa mkubwa wa kutosha kujiuliza. Kila nilipomletea zawadi ya kitenge nilikuwa nawaza, mimi sinyimi.

Sasa nilikuwa nacho mapajani, hakuna wa kuninyima. Nikakikunjua. Ndani yake kulikuwa na pamba iliyogeuka rangi, kipande cha sabuni, na rozari ya watoto. Kitambaa chenyewe kilikuwa kifupi. Hata gauni la mwanasesere lisingetoka.

"Umekwama wapi, wanasubiri," Mama mdogo akasema mlangoni. Nyuma yake alikuwepo Anselmi, amebeba benchi begani, mdogo wangu huyo fundi wa pikipiki, mrefu mpaka anainama kuingia. Mama mdogo akaona nilichoshika, akaegemea mlango.

"Kumbe alikitunza," akasema.

"Mama mdogo, hii si…"

"Ni sanda. Nilimfunga mwenyewe usiku ule. Cha kwanza kufungwa kilikuwa hicho." Akajipangusa uso na kanga. "Alipokuwa mama kijana alifiwa na mtoto hospitalini, mbali, anauguza peke yake. Hakuwa na nguo. Alizunguka wodini anaomba, akapewa kanga kuukuu na mtu asiyemjua. Mtoto akafungwa kwenye nguo ya kuombwa. Alisema unga nitaomba, sufuria nitaomba, lakini hicho sitaomba tena."

"Sanda ya nani?" Anselmi akauliza. Alikuwa bado na benchi begani.

Mama mdogo akamtazama yeye. Akaweka benchi chini. Akachukua kitambaa, akakitandika juu ya mkono wake kuanzia kwenye kiwiko, kikaishia kupita vidole kidogo. Akatazama. Mdogo wangu huyu chakula chake lazima akisindikize na maji, tonge kwa tonge, mpaka leo, na hapo alikuwa anameza mate kwa shida vilevile.

"Nilikuwa naenea humu?" akasema.

Nilikuwa nasikia sauti yangu uwanjani, na namwona Bibi akinionyesha ile pembe nyeupe stendi, furaha yake yote, akinipa mimi kabla ya wengine habari kwamba hakikutumika. Na jibu nililompa. Nilitamani sakafu inimeze. Nilifunika uso kwa kitenge cha njano nilichotumwa, nikalia kwa aibu, na Mama mdogo akadhani nalilia msiba, akanibembeleza.

Anselmi ndiye aliyeamua. Alikikunja, akatoka nacho, na Bibi alipowekwa ndani ya jeneza kikawekwa chini ya kichwa chake. Waliokuwepo walidhani ni mto.

Waliponyanyua jeneza, Anselmi akiwa mbele, watani wakafunga njia. Mnawajua watani wa msibani, kazi yao kuwachekesha wafiwa, hawana huruma. Mzee mmoja alikuwa amelaza ubao chini katikati ya uwanja, amesimama juu yake, kavaa sufuria kichwani.

"Huu mzani!" akapiga kelele. "Hapiti mtu hapa! Bibi huyu namjua, ameficha unga. Mwekeni nimpime!"

Msiba mzima ukaangua kicheko. Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. Baba, na uzee wake, akacheka. Mimi nikatafuta jikoni ni wapi nikimbilie, lakini Mama mdogo alikuwa amenishika mkono, hakuniachia.

"Unga ameuacha, mzee," Anselmi akamjibu, jeneza begani. "Na sufuria ameiacha, unayo wewe."

"Amebeba nini basi? Mbona mnayumba?"

"Amebeba kitambaa changu tu."

Yule mtani hakujua chochote. Akavua sufuria, akainamisha sikio kwenye jeneza kama anayesikiliza, akajifanya anasoma mzani.

"Kitambaa hakina uzito," akasema. "Haya, pita, mama."

Akaondoa ubao.